Sumaku ya Nathan na Sigara ya Saa Kumi

Jumatatu, 16 Juni 2025. Iguguno.

Nimeacha sigara. Ninaandika haya saa nne asubuhi, kwa hiyo ushahidi bado ni mchache.

Sababu ni mtoto. Mdogo wangu Klara alijifungua kabla ya wakati. Mtoto amepewa jina langu, Eliana, na anabatizwa Jumapili hii. Mama wa ubatizo ni mimi. Jana nilikwenda kumwona. Klara alinizuia mlangoni, akanusa vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya gengeni. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Dada, huyu mtoto amekaa hospitali siku ishirini na mbili akijifunza kupumua. Simpi mtu anayenuka moshi. Kaa wiki hii bila sigara, Jumapili utambeba. Ukishindwa, atambeba Severina."

Severina ni jirani yangu, mke wa mwalimu wa kwaya, Alphonce. Mwanamke mwema. Hupenda kuwa mwema mahali anapoonekana. (Huenda ninamwonea.) Nasikia ameshanunua kitambaa cheupe.

Niliahidi. Nilikuwa na machozi.

Saa kumi na robo jioni. Nimevuta moja. Nyuma ya banda la kuku. Sigara zangu hukaa ndani ya boksi la chaki, kwa kuwa hakuna anayefungua boksi la chaki la mwalimu wakati wa likizo. Moshi ulipanda polepole juu ya shamba la alizeti. Vichwa vyote vimekauka na kuinama, kana kwamba vinaniombea. Ulikuwa moshi mzuri. Hilo ndilo tatizo lake.

Jumanne, 17 Juni.

Nimesoma jambo kwenye simu. Nchi za mbali, wataalamu huweka koili ya umeme juu ya kichwa cha mvutaji. Koili hutoa mapigo ya sumaku. Mapigo hupenya fuvu bila kisu wala sindano na kuiamsha ile sehemu ya ubongo inayopima tamaa. Baadhi ya watu wameacha sigara. Baadhi. Mwandishi aliliweka neno hilo kwa uangalifu, nami ninalinukuu kwa uangalifu, ingawa moyo wangu umeliruka.

Nilimuuliza tabibu wa zahanati kama mashine hiyo ipo karibu. Alinitazama kwa upole, akauliza kama nimepima malaria.

Basi nikatafakari. Sumaku kubwa kuliko zote ninazozijua ni ya kaka yangu Nathan, mwenye mashine ya kukamua alizeti kando ya barabara kuu. Imefungwa mdomoni mwa mashine, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Kazi yake ni kunasa misumari na nati zinazokuja na mbegu kutoka mashambani. Kila asubuhi Zefania, aliyemfanyia kazi kwa miaka kumi na moja sasa, huifuta na kutia sahihi kwenye daftari.

Niliikopa saa saba mchana, wakati wanakula. Neno kukopa lina mapana yake.

Sigara leo: sifuri. Lakini nilikuwa na shughuli.

Jumatano, 18 Juni.

Somo langu ni historia, si fizikia. Hata hivyo ninaelewa kwamba sumaku iliyotulia ni jiwe tu. Nguvu lazima ije na kuondoka. Ninacho chombo cha kuifanya ije na kuondoka: cherehani ya marehemu mama.

Saa ya kwanza nilipoteza nikiinasua sumaku kutoka kwenye mwili wa cherehani. Ya pili, nikiwa nimeinasua, iliiba pini zote za mtoto wa meza na vibanio viwili kichwani mwangu. Hatimaye niliifunga kwenye gurudumu kwa mpira wa baiskeli, nikaketi, nikainamisha paji la uso karibu, nikakanyaga.

Nisieleze zaidi ya nilivyohisi. Gurudumu lilizunguka. Dirishani upepo wa kipupwe ulikuwa ukipitisha makapi ya alizeti, meusi, mepesi, bila haraka. Niliona ubongo wangu kama nyumba yenye baraza. Saa kumi alikuja mgeni wangu wa kila siku, amevaa koti la kijivu, akabisha. Sikufungua. Gurudumu likazunguka. Aliketi kwenye ngazi, akasinzia. Nami nikasinzia.

Niliamshwa na Severina dirishani. Aliuliza, kwa sauti ya asali, Mwalimu anashona nini. Nilijibu kwamba ninashona gauni la ubatizo. Jibu lilitoka laini kiasi kwamba kwa muda mfupi nililiamini mwenyewe.

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Klara amenitumia ujumbe wa shukrani, na sala ndani yake.

Sigara: sifuri.

Alhamisi, 19 Juni.

Sina kitambaa. Sina uzi. Sijui kushona. Nimekanyaga saa tano.

Mgeni alifika saa kumi, akasimama mbali, kwenye mnazi. Hapa kwetu hakuna mnazi. Ndani ya kichwa changu upo, na ulikuwa ukiyumba vizuri sana.

Matokeo ya awali: inawezekana sumaku inafanya kazi. Inawezekana pia kwamba mtu ambaye miguu yake inakanyaga na mikono yake imeshika meza hana kiungo kilichobaki cha kushikia sigara. Hoja hii ya pili nimeipa dakika nzima, kisha nikaiweka kando. Haina uzuri.

Ijumaa, 20 Juni.

Niliamka nikahisi kijiji kina tundu. Ilinichukua muda kutambua ni nini: mashine ya Nathan haikuwa ikinguruma.

Nati ya trekta imeingia na mbegu. Imevunja parafujo kubwa inayosukuma. Wateja wamekaa juu ya magunia yao, wengine wametoka Mtinko. Nathan alichungulia mdomoni mwa mashine na hakuona sumaku. Akamwita Zefania. Zefania aliapa kwamba aliifuta asubuhi hiyohiyo, akaleta daftari. Sahihi ya Ijumaa ilikuwepo. Ya Alhamisi ilikuwepo. Ya Jumatano ilikuwepo.

Nathan alimwambia achukue koti lake, akatafute kazi kwingine.

Nilielewa kwa utulivu wa kutisha. Kwa siku tatu Zefania alikuwa anafuta, kwa kalamu, sumaku iliyokuwa mbele ya paji langu la uso. Alidanganya. Lakini aliyeiondoa ni mimi.

Nilikwenda nyuma ya banda la kuku na boksi la chaki. Niliwasha kiberiti, nikakitazama. Nikisema, Klara atajua kwamba gauni halipo, na kwamba Jumatatu nilivuta siku moja tu baada ya kuahidi. Wajina wangu atabebwa na Severina. Nikinyamaza, Zefania anarudi nyumbani na koti. Kiberiti kiliniunguza kidole kabla sijafikia uamuzi.

Elimu ya juu hufundisha kwamba daima ipo njia ya tatu. Niliipata: nitaitia sumaku mkobani, nitapita katikati ya magunia kama mtu aliyekuja kutoa pole, nitaiangusha sakafuni. Itaonekana ilidondoka. Hakuna mwenye kosa.

Nilipita. Nilitoa pole. Nilipofika kwenye mzani wa chuma, mkoba wangu uliniponyoka na kuganda ubavuni mwake.

Nilivuta. Mzani ukasogea. Mzee mmoja wa Mtinko aliuliza kama mkoba wa Mwalimu nao umekuja kukamuliwa. Watu wakacheka. Klara, aliyekuja kuchukua mafuta, hakucheka. Zefania alikuwa mlangoni, koti mkononi, ananitazama kwa macho ya mtu aliyekwishakubali kufukuzwa.

Ningeweza kusema kitu kuhusu kufuli ya mkoba. Kilikuwa tayari kinywani. Badala yake nikasema yote. Sumaku, cherehani, gauni, sigara ya Jumatatu. Nilitumia maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Hata mgeni wa koti la kijivu nilimtaja.

Nathan aliushika mkoba, akaunasua mzanini. Kisha akasema, "Dada, sumaku ya zamani ipo stoo, inaliwa na kutu. Ungeomba tu."

Baadaye alilifunga daftari la sahihi, akamrudishia Zefania ndoo yake ya kazi. Hukumu yangu na ya Zefania ni moja: wakati mashine inatengenezwa, tutachambua mbegu za wateja kwa mkono.

Klara aliondoka bila kuniaga.

Jumamosi, 21 Juni.

Ungo tangu alfajiri. Zefania upande wa kushoto, mimi wa kulia. Aliniambia aliacha kuifuta sumaku tangu msimu uliopita, kwa kuwa haikuwahi kukamata chochote. Nikamuuliza angejuaje. Alifikiri, akasema swali hilo ni la kisomi.

Mbegu hupanda angani na kurudi, hupanda na kurudi. Makapi huenda na upepo. Ukitazama kwa muda mrefu hujui tena kama ni ungo unaotikiswa au ni dunia. Nilipoinua macho ilikuwa saa kumi na moja. Saa kumi ilikuwa imepita, na sikuisikia ikibisha.

Hakuna ujumbe kutoka kwa Klara.

Jumapili, 22 Juni.

Nilikaa benchi la nyuma. Severina alipita na gauni jeupe mkononi, limekamilika, lenye mishono midogo kama chembe za mtama. Nilijiandaa kwa ushindi wake. Aliinama, akanong'ona:

"Mwalimu, cherehani yako haikuwa na uzi. Nikaona nishone mimi, nisimwambie mtu."

Niligusa mshono mmoja kwa ncha ya kidole.

Klara alinifuata uani, mtoto kifuani. Alichukua mkono wangu, akanusa. Nilimkumbusha kwamba Jumatatu nilivuta. Nilitaka hesabu iwe sahihi.

"Nimesikia, wewe mwenyewe ulisema, na Mtinko yote imesikia," akasema. "Leo vidole vyako vinanuka mashudu. Mchukue."

Nilimbeba mpaka mbele, na wakati wote wa maji. Ni mwepesi kuliko kamusi. Alipumua kwenye shingo yangu, pumzi fupi, ya kujaribu, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye ukurasa. Nilihesabu pumzi arobaini, kisha nikaacha kuhesabu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumatatu, 23 Juni.

Tathmini. Siku sita bila sigara. Wapo watakaosema ni kazi ya ungo, au ya aibu, au ya mtoto. Ninaheshimu maoni hayo. Lakini Zefania alishika ungo uleule, akaona aibu ileile, na leo asubuhi nimemkuta anavuta. Tofauti kati yetu ni nini? Yeye hajaigusa sumaku tangu msimu uliopita. Kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe.

Siwezi kusema nina uhakika. Ninaweza kusema ninaelekea huko.

Saa kumi jioni mgeni amerudi. Amesimama getini, anakohoa kwa adabu. Sijafungua. Hitimisho linalofaa ni kwamba sumaku ilikuwa ndogo.

Spika kubwa ya kanisa, kwa kadiri ninavyofahamu, ina sumaku upana wa sahani, na haitumiki hadi Jumapili. Ufunguo wa stoo inamokaa anao Alphonce. Nimekwenda kwake, nikamweleza kwamba ningependa kupima stoo ile, nishone mapazia. Amefurahi sana.

Severina, aliyekuwa nyuma yake anachambua mchicha, ameuliza kama safari hii nina uzi.

Nimenunua uzi.