Mgongo wa Mzee Bendera

Gazeti lilifika kijiweni, pale kwenye kibanda cha chipsi, limelowa, kama kila kitu kinavyofika kijiji cha Bérinsart, kwa sababu katika milima ile ya Ardeni mvua haiji kutembea. Imehamia, na nyumba imeshapanga. Waziri alilikung'uta, akalikunja upande wa michezo, akakohoa kama mtu anayetaka kusoma bajeti. Jina lake hasa ni Fernand, tarishi mstaafu, lakini uwaziri alipewa na wenzake kwa kuwa akisoma habari utadhani sheria kaitunga yeye.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi magari ya mbio yangekimbia saa sita mfululizo kwenye uwanja ulio juu ya kijiji, na safari hii uongozi wa uwanja umeamua kwamba hakuna mtu wa kujitolea atakayesimama na bendera konani peke yake. Wawe wawili. Asiye na mwenzake atapelekwa kwenye maegesho, akawaongoze wageni waheshimiwa kuegesha magari yao.

Wote wakamtazama Lambert. Lambert akatazama chipsi zake.

"Wamenilenga mimi," alisema.

"Wewe tena," Breki alisema. "Juzi ulisema hata mvua ya mawe wameileta wao."

"Kwani ilinyesha kwao? Ilinyesha kwenye kabichi zangu."

Breki ni Désiré, fundi wa matrekta. Jina lilimpata siku ng'ombe waliokuwa wakirudi kukamuliwa walipompita njiani akiendesha gari, na yule wa mwisho akageuka kumwangalia kwa huruma. Lambert naye aliitwa Bendera, na hilo halikuwa la utani. Tangu ujana wake, alipokuwa mkata magogo, kila mbio zikija alisimama kwenye kona iliyo chini ya msitu na bendera ya njano mkononi, bila kulipwa zaidi ya mkate na soseji moja.

Kazi ile ni ya watu wawili waliopeana migongo. Mmoja anayatazama magari yanapokuja. Mwingine anatazama yanakokwenda, ili gari likipinduka huko mbele apunge njano, madereva wa nyuma wapunguze mwendo. Huyu wa pili magari yanampita mgongoni kama risasi, na hana ruhusa ya kugeuka. Macho yake ya nyuma ni filimbi ya mwenzake. Miaka yote hiyo Lambert ndiye aliyetoa mgongo, na mkewe Odile ndiye aliyepuliza filimbi. Majira ya theluji yaliyopita walimzika Odile.

Zamani, pale kijiweni, Lambert alikaa kwenye benchi la ukingoni mwa barabara, mgongo barabarani, malori ya magogo yakimpita nyuma hana habari. Tangu mazishi alihamia kiti cha ndani na kuegemeza mgongo kwenye ukuta wa kibanda. Kila mtu aliliona. Hakuna aliyelitaja, maana kijiweni watu husema kila kitu isipokuwa kile kinachouma.

Badala yake waligombania kuwa mwenzake. Waziri alijitolea kwanza, akakumbushwa kwamba siku ya kuagwa kazini alisinzia wakati sifa zake mwenyewe zikisomwa. Breki akajitolea, naye akakumbushwa kwamba aliwahi kukivulia kofia kisiki cha mti akidhani ni padri. Breki alijitetea kwamba kulikuwa na ukungu. Waziri akamuuliza kama Jumamosi ameagiza jua.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee," Waziri alimwambia Lambert. "Chagua tu. Kipofu au msinziaji."

Lambert alisema yeye hahitaji mtu. Wakubwa hawa wa uwanja, alisema, walimwahidi Odile kibanda cha kujikinga na upepo akiwa bado ana nywele nyeusi, wakampeleka kaburini na ahadi ileile. Sasa wameweka taa za umeme kila kona, mwakani wataweka roboti ipunge mkono. Basi na yeye anayo mitambo yake. Akatoa mfukoni mwa koti lake la mvua kioo cha pembeni cha trekta, akatoa kwenye kapu kofia yake ngumu ya msituni, akakifunga kioo juu ya kofia kwa waya, akaivaa.

"Macho ya nyuma," alisema.

"Nyani haoni kundule," Breki alisema, "ila huyu kajinunulia kioo."

Jaribio likafanyika palepale. Lambert alisimama kando ya barabara, mgongo kwao. Breki alichukua toroli la viazi la Ghislaine, mwenye kibanda, amnyemelee nalo taratibu, na Lambert akiliona kiooni anyanyue mkono. Lambert alikodolea kioo. Manyunyu yalikuwa yamekishika upande mmoja, mvuke wa mafuta ya chipsi upande wa pili, na katikati aliona pua yake mwenyewe. Mkono haukunyanyuka. Toroli lilimpiga nyuma ya magoti, akaketi juu ya viazi kama sultani kwenye machela, na Breki, aliyeishi maisha yake yote kwa kufunga breki, siku hiyo hakuwa nazo. Waliteremka mteremko wote hadi kwenye sanduku la posta.

Waziri alicheka mpaka akaishikilia nguzo. Breki alicheka akiwa ameinama. Lambert hakucheka. Aliokota kioo, kimepasuka, akakiweka mfukoni kwa uangalifu kama kwamba bado kingefaa.

"Basi nitakwenda maegesho," alisema. "Niwafungulie milango ya magari. Niwaambie karibuni. Ndicho walichotaka."

Kicheko kikakatika. Wote walijua kwamba akishaivaa ile fulana ya maegesho, hatapanda tena kwenye kona ile. Na kona ile ndiyo pekee iliyobaki ambako mtu angeweza kumwona na kusema, huyu ni mume wa Odile.

Ghislaine alitoka kibandani akifuta mikono kwenye aproni. Asubuhi yote alikuwa hajasema neno, jambo ambalo lingepaswa kuwashtua.

"Shemeji, viazi vyangu vitajirudisha vyenyewe?"

Lambert aliinama akaanza kuviokota. Ghislaine naye akainama, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba mwaka huu wakubwa wamemnyima nafasi ya kuuza langoni. Wamewapa watu wa mjini wanaouza nyama ndani ya mkate, kila mkate na kijibendera chake. Kwa hiyo Jumamosi hana kazi. Na kwa kuwa alijua mapema, mwezi uliopita alikwenda kwenye mafunzo ya filimbi, akafaulu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungesema mafunzo ni ya wakubwa."

Ndivyo angesema. Akatafuta sababu nyingine. Alisema Ghislaine anaongea mno. Alisema chipsi zake anazitia chumvi mara mbili, na mtu anayesahau kama ametia chumvi hawezi kulinda mgongo wa mtu. Kisha akaishiwa sababu.

"Odile hakuwahi kunikosea," alisema. "Hata siku moja. Hakuwahi kuondoa macho barabarani."

"Macho hakuondoa," Ghislaine alisema. "Vidole ndivyo vilikuwa na shughuli zake. Hukuwahi kugeuka, shemeji, ungeona. Mwenzio alikuwa anafuma."

"Anafuma nini?"

"Hizo."

Lambert alitazama chini. Soksi zake zilikuwa za sufu ya kijivu, nene, zenye mstari mwekundu kifundoni, na nyumbani alikuwa nazo droo nzima. Siku zote alidhani zilifumwa jikoni.

"Kwenye zamu," alisema. "Na sheria inakataza."

"Ndiyo maana alifurahi huna kioo."

Breki alianza kucheka tena, Waziri akamkanyaga mguu.  Halafu, wakashangaa wote, Lambert akachukua chipsi zake na mwavuli wake wa njano, akakipita kiti cha ukutani, akaenda kuketi kwenye benchi la ukingoni. Mgongo barabarani.

"Rudi dirishani kwako," alimwambia Ghislaine. "Kaanga. Tuone."

Akarudi, akakaanga. Mvua ikaongezeka, dimbwi la pale ukingoni likajaa. Waziri alisoma habari za soko la maziwa na hakuna aliyemsikiliza. Kisha kwenye mpindo wa kanisa yakatokea magari meusi matatu, yanayong'aa, ya wakubwa wa uwanja na wageni wao, wakipanda kwenda kukagua. Waziri alisimama akaweka kola sawa, maana huenda mtu akapungiwa mkono. Breki akasimama naye, akavua kofia.

Ghislaine alitia vidole viwili kinywani, akapiga filimbi moja ndefu.

Lambert hakugeuka. Chipsi mkono huu, mkono wa pili ukafyatua mwavuli juu ya bega, ukafunguka, ukafunika mgongo wake wote. Gari la kwanza likaingia dimbwini. Maji yaliugonga mwavuli kama ngoma yakashuka chini. Yaliyobaki waliyapata Waziri na Breki, wamesimama wima, wakitabasamu. Gazeti liligeuka uji na uamuzi wote wa uongozi ndani yake.

Magari yale yalipunguza mwendo, yakasimama moja nyuma ya jingine. Madereva wa uwanjani hawapuuzi njano, hata ikiwa ya mwavuli. Kioo cha gari kikashuka, mkubwa mmoja akatoa kichwa, akauliza kwa wasiwasi kuna hatari gani huko mbele.

"Mbele hakuna," Lambert alisema, bado kawapa mgongo. "Ilikuwa inakuja nyuma. Sasa imesimama, ahsante."

Kioo kikapanda. Magari yakaondoka taratibu mno, kama yanaendeshwa na Breki.

"Miguu, shemeji," Ghislaine alisema kutoka dirishani. Lambert akaivuta mbele miguu aliyokuwa ameikunja nyuma, chini ya benchi hadi barabarani, soksi na yote, na tairi la mwisho likapita pale ilipokuwa.

Breki alikuwa anakamua kofia yake. "Na sisi je?" alilalamika. "Mbona sisi hukutupigia filimbi?"

"Nyinyi?" Ghislaine alisema, akizitia chipsi chumvi mara ya pili. "Nyinyi si mlikuwa mnatazama."