Nani Atarithi Kodiani ya Babu Emil

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna haki duniani. Naandika maneno haya nikiwa nimetulia kabisa.

Leo baada ya chakula cha jioni Babu Emil ametangaza kwamba vidole vyake vimechoka. Ana miaka sabini na tisa, na amekuwa akipiga kodiani katika bendi ya familia tangu Mama hajazaliwa. Jumapili hii, kwenye sherehe ya parokia, atashuka jukwaani kwa mara ya mwisho. Kodiani yake nyekundu na kiti chake atampa mjukuu mmoja. Niliposikia "mjukuu mmoja" nikasimama ili nipokee pongezi.

Kumbe tuko wawili! Mimi, Bernadette Orsak, miaka kumi na mitatu, ninayefanya mazoezi saa nzima kila siku, hata siku ya kuzaliwa kwangu. Na binamu yangu Darla Krenek, miaka kumi na minne, anayefanya mazoezi akikumbuka, na anayepiga huku anatafuna chingamu.

Babu ameeleza utaratibu. Wikendi hii bendi ina safari: kesho kwenye shamba la mizabibu kule vilimani, Jumamosi kwenye kiwanda cha bia, Jumapili nyumbani, kwenye ukumbi wetu wa dansi. Kila kituo mimi na Darla tutapiga nyimbo tatu tatu. Atakayeinua watu zaidi vitini ndiye mrithi. Nikauliza kama kutokosea noti kuna alama zake. Babu akasema watu hawachezi noti, mjukuu wangu, watu wanacheza.

Mjomba Leroy akacheka sana. Mjomba Leroy ndiye dereva wetu, ndiye mpuliza tarumbeta kubwa, na, iandikwe hapa, ndiye baba yake Darla.

Mwalimu wangu, Bi. Ehlers, husema mwenye bidii hahitaji ujanja. Namheshimu sana Bi. Ehlers. Lakini hajawahi kusafiri na Darla.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeonewa! Na walionionea ni wadudu!

Tuliruhusiwa kutoka shuleni saa sita mchana. Muda wa saa tatu nzima njiani katika gari la Mjomba, ambalo kiyoyozi chake kilikufa mwaka juzi. Darla alilala begani kwangu mdomo wazi tangu mto Colorado hadi kwenye geti la shamba.

Watu wa mvinyo si watu wa kucheza. Wanatoka mjini, wamevaa nguo nyeupe, wanazungusha glasi, wananusa, wanasema habari za udongo. Babu alipofungua kwa polka, dansi yetu ya kurukaruka, tena kali kabisa, bwana mmoja akatikisa kidole. Kimoja.

Nikalitazama tatizo kwa makini, kama tunavyofundishwa katika somo la sayansi. Jibu likawa viti. Asiye na kiti husimama, na anayesimama, polka ikimkuta, hucheza. Mimi ndiye niliyepangiwa kuanza. Kwa hiyo, Babu alipokuwa akizungumza na mwenye shamba kuhusu mvua, nikabeba viti ishirini na sita, kimoja kimoja, nikavificha nyuma ya mapipa. Peke yangu!

Babu akaniona nahema na jasho linanitiririka. Akasema nipumzike kidogo, Darla aanze. Aanze!

Wale watu walipokosa viti hawakusimama hata kidogo. Waliketi kwenye nyasi. Huku kwetu hata mtoto wa miaka miwili haketi kwenye nyasi kabla ya kuzikagua kwa fimbo, kwa sababu ya sisimizi wekundu wanaouma kama moto. Watu wa mjini hawajui. Darla alikuwa katikati ya wimbo wa pili mama mmoja mwenye suruali nyeupe aliporuka juu, akapiga ukelele, akaanza kurusha miguu. Akafuata mumewe. Kisha meza yao nzima. Kisha bustani nzima! Mikono juu, magoti juu, wengine wanazunguka wakijipiga mapajani.

Babu alikuwa amevua miwani aifute. "Unaona, Leroy?" akasema, machozi yanamlengalenga. "Hata watu wa mvinyo!"

Zamu yangu ilipofika, wote walikuwa foleni wakiomba barafu. Nilipiga nyimbo tatu bila kukosea hata noti moja, nikiwapigia mapipa.

Viti nimevirudisha mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kitanda cha dirishani kwenye nyumba ya wageni alikichukua Darla. Sina la kusema.

Kiwanda cha bia kiko kwenye banda kubwa la zamani la kuchambulia pamba. Watu ni wengi, wachangamfu, na karibu kila mmoja amekuja na mbwa wake. Hapo ndipo akili yangu ikafunguka. Mbwa amefungwa kamba, na kamba imeshikwa na mtu. Mbwa akija jukwaani, mtu atakuja vilevile. Mpango safi! Hauna kosa!

Mama alikuwa ametufungia soseji za moshi za chakula cha mchana. Nilitoa zangu, za Babu, na za Darla (yeye alikuwa na chingamu yake). Nikazikata vipande vidogo, nikavishindilia kwenye nyufa za sakafu mbele ya jukwaa. Kisha nikaketi nikapumua taratibu, nisije nikaambiwa nipumzike.

Nikaanza. Kabla sijamaliza sehemu ya kwanza, sakafu ilikuwa imejaa! Mbwa kumi na wanne, na nyuma ya kila mbwa, mtu mzima anakimbia. Nilimtazama Babu. Amevaa miwani. Nikajua kodiani ni yangu.

Soseji hazikutosha.

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu inaniuma. Mbwa wawili wakagombea kipande kimoja, wengine kumi na wawili wakaja kuamua ugomvi, na zile kamba zote zikamzunguka Mjomba Leroy miguuni. Alianguka polepole kama mti, bado anapuliza. Jibwa moja lenye masikio marefu likaja likaketi kando yangu, likainua pua juu, likaimba nami wimbo wote wa tatu. Nje kabisa ya sauti. Watu wakashangilia, wakapiga makofi, wakapiga na miluzi. Waliyempigia ni mbwa!

Nikamwambia Babu kwamba, tukifuata kanuni yake mwenyewe, watu waliinuka vitini. Babu akasema walioinuliwa na mimi hakuwaona, aliowaona waliburutwa. Halafu akauliza soseji yake iko wapi.

Darla alipiga zake tatu huku ametegemea nguzo. Watu wakacheza. Sijui kwa nini. Alikosea mara tano, nimeziandika.

Tulipokuwa tunapakia vyombo akanigusa bega. "Wee Berni, unajichosha bure. Piga tu, bwana." Ushauri wa kupiga kodiani, kutoka kwa mtu anayeshikilia noti kwa muda anaojisikia yeye! Nikamwambia jina langu ni Bernadette. Akapuliza puto la chingamu likapasuka.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika huku mikono inanuka sabuni. Nieleze kwa utaratibu.

Ukumbi wetu una pembe nane, paa la bati, na mabenchi pande zote. Watu wake si wa kudanganywa. Bwana na Bi. Sulak, kwa mfano, wana miaka sitini na mmoja ya ndoa na hawajawahi kukaa chini polka ikipigwa. Hapa ndipo mtu anapojulikana kama ni mpigaji au ni mpiga kelele.

Misa, kitoweo cha parokia, mnada wa keki, kisha dansi saa nane mchana. Darla alianza. Sakafu ikajaa, kama inavyojaa siku zote. Lakini nikaona buti zinakwaruza. Watoto walikuwa wamekimbia humo asubuhi nzima na sakafu imepoteza utelezi. Kila mtu anajua dawa yake: unga wa mahindi. Bwana Sulak huunyunyiza kabla ya dansi, konzi moja moja, kwa uangalifu kama mtu anayetia chumvi kwenye supu ya askofu. Buti zikipita juu yake zinateleza zenyewe, hata mzee anakuwa kijana.

Nikafikiri: Darla amepiga kwenye sakafu inayokwaruza. Mimi nikipiga kwenye sakafu inayoteleza, nani atakaa chini?

Nikaingia jikoni. Ndoo nyeupe, kubwa, imejaa unga laini wa njano. Wimbo wa mwisho wa Darla ulipoisha na watu wakaenda kunywa bia, nikaimwaga. Si konzi. Ndoo.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Walielea! Wanaume wa kilo mia wanapita kama swala kwenye barafu. Bi. Sulak akanipungia mkono. Nikaona jina langu limeandikwa kwenye ngoma ya bendi.

Mzunguko wa pili, mtu alimwaga bia kidogo. Mwingine, maji ya limau. Ndivyo ilivyo siku zote, unga hunywa, basi. Lakini mzunguko wa tatu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ukumbini. Kama ng'ombe mia wanaotoka kwenye tope. Watu wakaanza kuinua miguu juu sana. Kisha hawakuweza kuinua tena. Bwana Sulak alitoka ndani ya buti lake na kucheza robo nzima ya ukumbi kabla hajagundua.

Bi. Petras akatokea mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Aliuliza kwa sauti ya kuvunja bati ni nani amechukua unga wake wa mikate ya mahindi, ambao ameuchanganya kwa mkono wake, na sukari yake, na hamira yake, wa watu mia tatu.

Ukumbi mzima ulikuwa mkate unaosubiri oveni.

Nikataka kuacha. Nilikuwa nimeshatoa mkono kwenye funguo. Babu akapiga kelele kutoka benchini: "Usisimame! Bendi haisimami! Piga, mwanangu!"

Nikapiga. Bi. Sulak akaketi chini katikati ya ule uji, na gauni lake la Jumapili, akafungua kamba za viatu, akaviacha vimenata pale pale. Akamshika mumewe mkono. "Twende, mzee, umeshavua kimoja tayari." Wakaenda pembeni kabisa kwenye kuta, ambako unga haukufika. Wengine wakacheka, wakavua, wakafuata. Soksi za kila rangi, nyingi zimetoboka. Nikapunguza mwendo kwa sababu wazee wenye soksi huteleza. Nikawa natazama miguu yao tu: akichelewa huyu, namngoja, akigeuka yule, nageuka naye. Nadhani nilikosea mara mbili. Sikuziandika. Hakuna aliyekaa chini hadi nilipomaliza wimbo wa tatu, hata Bi. Petras, aliyekuwa anacheza na Mjomba Leroy huku bado ananitukana.

Macho yaliniwasha kidogo. Ni vumbi la unga.

Baadaye, maji ya moto, sabuni, na vyuma vya kukwangulia rangi. Muda wa saa tatu nzima, mimi na Darla, magotini. Yeye hakuambiwa aje. Alisema hakuwa na kitu cha kufanya. Bwana Sulak alitusimamia na buti moja, akisema tangu ukumbi ujengwe sakafu hiyo haijatukanwa namna ile.

Babu hakutangaza mrithi. Alirudi nyumbani ameipakata kodiani mapajani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Babu alituita baada ya shule.

Alisema mambo mengi kuhusu viti, soseji na ndoo. Nayapita. Kisha akasema kwamba jana, kwa mara ya kwanza, aliniona nawatazama watu wanaocheza badala ya kujitazama mwenyewe. Kodiani ni yangu. YANGU! Itakuwa yangu Pasaka, kwa sharti moja: tangu leo hadi Pasaka nisifanye mpango wowote. Hata mdogo. Hata mzuri. Nikimpa sababu moja tu, itakaa kwenye sanduku lake hadi apatikane mjukuu mwingine. Nikampa mkono. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Hapo Darla akatoa chingamu mdomoni. Akasema anashukuru mashindano yamekwisha. Kodiani inamuumiza mabega, na yeye hakuitaka kamwe. Anachotaka ni tarumbeta la baba yake. Alimwambia Babu tangu Jumatano, kabla ya lile tangazo, na Babu akamwomba apige tu safari hii, ili yeye Babu aone mimi nitafanya nini.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Uliniuliza?" akasema. "Wewe ulikuwa unabeba viti."

Ningeweza kufurahi. Nilijaribu kufurahi kwa karibu dakika kumi. Halafu nikafikiri. Hakuna mtu duniani asiyeitaka kodiani ya Babu Emil. Hakuna! Mtu anayesema haitaki anataka nilale usingizi. Halafu ananisaidia kukwangua sakafu kwa saa tatu nzima bila kuambiwa. Nani hufanya hivyo bila sababu? Na lile tarumbeta, ni la baba yake, anayeendesha gari ambalo kodiani husafirishwa ndani yake. Yote yanakwenda sambamba. Msichana huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani, na nimekuwa mjinga kwa kumwamini dakika kumi nzima.

Nimeapa kutofanya mpango, na mimi hutimiza ahadi. Huu si mpango. Hii ni tahadhari. Lazima nijue kama Darla anafanya mazoezi kwa siri. Nimeigawa katika hatua tisa, na hatua ya kwanza inahitaji ngazi ndefu na dirisha la chumba chake.