Mjukuu wa Aliyelima Kwanza

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Duka limefungwa, mtaa wetu wa Kaloleni hapa Voi kimya, akili ina nafasi. Saa nne ujumbe ukaingia kwenye kundi la ukoo. Binamu Lewis, nani mwingine. Anatangaza kwamba Mzee Phineas amehamia Mombasa kwa binti yake na kiti cha mkuu wa ukoo kiko wazi. Mkutano Jumamosi, kule mlimani Mghange.

Kiti ni cha nyumba ya yule aliyelima mlima ule kwanza, zamani kabla reli haijafika Voi. Nyumba ni mbili, za ndugu wawili. Sisi ni wa Mghalu. Kina Lewis ni wa Mwadime. Mzee Phineas alikuwa damu ya kote kuwili, kwa hivyo hakuna aliyebisha. Sasa lazima ijulikane nani alitangulia kushika jembe.

Moyo umeruka. Kila harusi na kila matanga ya ukoo huu, Lewis hukaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Mimi hupewa kreti za soda nibebe. Nina miaka hamsini na mbili! Marehemu baba naye alibeba mpaka magoti yakamkataa, na hakuna siku aliyoambiwa apite mbele. Inaniuma mpaka leo. Imetosha. Babu Mghalu lazima apatikane.

Nimemweleza mke wangu Priscilla. Ameuliza kama babu huyo anajua kutengeneza printa ya duka inayokwama kila siku.

Jumatano, 22 Oktoba

Mghange. Baridi na ukungu. Nimezaliwa Voi, huku huja kwa harusi na matanga tu, kwa hivyo nilivaa viatu vya ngozi. Kosa.

Nimemwendea Shangazi Immaculate, dada ya baba, anayeweka sanduku la karatasi za nyumba yetu. Nilimpelekea sukari na leso. Alipokea kwa shukrani nyingi, kisha akanionyesha kuni za kupasua. Nikapasua. Akanionyesha majani ya ng'ombe. Nikakata. Ndipo akakumbuka ufunguo uko wapi.

Ndani: Biblia yenye majina ya waliozaliwa, picha ya mtu aliyeliwa na mchwa kuanzia kifuani kwenda juu, na cheti cha ubatizo cha babu mzaa baba. Kimeandikwa: mwana wa Mghalu, mkulima.

Mkulima! Nilibusu cheti. Shangazi akasema nisikiloweshe. Akasema pia kwamba watu wote wa Mghange waliandikwa wakulima, na kina Lewis wana cheti kama hicho hicho. Mmishonari aliyewabatiza angeandika nini, akaniuliza, rubani? Nikamuuliza basi nani alianza. Alivyosikia yeye, ndugu wale walipanda mlima pamoja wakigombania mpaka wa shamba njia nzima.

Pamoja haitanisaidia. Nimerudi Voi nikiwaza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nina mpango. Kama historia haikuandikwa, mwenye duka la kuchapa ana wajibu.

Nimeandika ukurasa mmoja. Kwamba mwaka 1871 Mghalu alipanda mlima peke yake, jembe mkononi, mbegu za mtama begani, akafyeka msitu na kulima ngazi ya kwanza ya shamba. Kwamba Mwadime alifika baadaye, akiwa amechoka, akaomba uji. Nimechapa. Nimetumbukiza kwenye chai ya rangi ili izeeke. Nimechoma kingo kwa mshumaa. Pazia la dukani nalo limezeeka kidogo.

Jirani yangu Oloo, aliyestaafu reli, alipita akanikuta naipepea ikauke. Akasema ni karatasi nzuri sana, ila mwaka 1871 watu walikuwa na mistari iliyonyooka namna hii? Nikamwambia watu wa nyumba yetu walikuwa nadhifu. Akauliza tena kama aliyelima kwanza si ndiye aliyechoka kwanza. Oloo ni mtu mwema lakini hana upeo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike taratibu, nisiache kitu.

Ukoo wote ulijaa uwanjani kwa Shangazi. Nikasimama, nikatoa karatasi kwenye bahasha kama mtu anayebeba yai. Lewis akaomba aisome yeye, kwa kuwa aliwahi kuwa mwalimu. Akasoma vizuri, lazima nikiri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mtama, jembe, msitu. Akafika chini kabisa, akavaa miwani upya, akasoma: Zephaniah Cyber, Kaloleni, tunachapa, tunapiga picha za pasipoti, karibuni wote.

Nilisahau kuondoa maandishi ya duka.

Kicheko kilianza kwa akina mama kikazunguka uwanja mzima. Binamu Everlyne alishikilia mti. Nilitamani ardhi inimeze, na nilimwona baba kabisa, pale mlangoni, na kreti yake.

Lakini Lewis akainua mkono wakanyamaza. Akasema hayo ya chini ni mambo madogo. Akasema roho ya karatasi ni ya kweli, na nyumba ya Mwadime inaachia kiti kwa moyo mweupe. Kabla hajamaliza, mikono yote ilikuwa juu! Hata ya wanawe wote. Lewis alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Shangazi akauliza kama mgongo wangu ni mzima. Nikajibu ni chuma. Wakapiga makofi upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Lewis mwenyewe aliniletea soda na kuifungua. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua imenyesha mlimani. Simu kumi na moja kabla sijanywa chai. Ya mwisho ya Lewis, sauti yake ikiwa tamu kama asali. Anasema watu wanangoja. Nikauliza wanangoja nini. Akashangaa sana, au alijifanya. Akauliza, kwani sikujua?

Sikujua. Hakuna mtu wa ukoo anayetia mbegu mpaka mkuu afungue mstari wa kwanza, kwa jembe la mkono, katika shamba la kila familia. Anaanza juu kabisa ya mlima na kushuka. Hali kitu mpaka amalize. Kisha halali nje ya mlima mpaka mbegu zake ziote. Ndiyo heshima ya aliyelima kwanza.

Nilimpigia Mzee Phineas huko Mombasa. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hewa ya huko inafaa sana mgongo.

Priscilla amenifungia nguo kwenye mfuko bila kuuliza lolote. Alikuwa akiimba.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimelima. Mungu wangu, nimelima. Huku mashamba ni ngazi, moja juu ya nyingine, na kila familia ina yake. Lewis alifuatana nami na mwavuli na thamosi ya chai, akinielekeza. Yeye ana barua ya daktari inayomkataza kushika jembe, kumbe anayo tangu ujana.

Kwa Shangazi nilichimba mashimo ya kina ili mahindi yashike. Akauliza namzika nani. Nikamwambia anayejua kulima yuko kwenye damu yangu. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Kwa Everlyne niliteleza nikashuka ngazi tatu nikatua kwenye kabeji. Hakuna aliyecheka. Wazee walisimama kwa heshima wakanisubiri nitoke, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mmoja alisema Mzee Phineas naye aliangukia hapo hapo, ni dalili nzuri.

Nimekula saa mbili usiku. Nalala stoo kwa Shangazi, kwenye viazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mlima mzima umekuwa kijani. Mahindi yameota kwa Lewis, kwa Everlyne, kila mahali. Isipokuwa mstari wangu. Katika kila shamba, mbele kabisa, mstari mmoja mtupu! Mbegu zangu ziko chini mno, hazijui njia ya kutoka.

Wazee wameketi wameamua. Mbegu za mkuu hazijaota, mkuu hajashuka. Nirudie. Juu ya mlima mpaka chini. Lewis amejaza thamosi.

Mara hii Shangazi amenipimia kina kwa kidole chake. Nilimshukuru, nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo.

Jumapili, 16 Novemba

Nyumbani Kaloleni hatimaye. Mbegu ziliota juzi. Mgongo umekunja kona, viganja vimechubuka, na duka sasa linaitwa Priscilla Cyber. Printa inafanya kazi. Kuna foleni. Sijui aliwezaje.

Oloo amekuja kunipa pole. Akauliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba tatizo lilikuwa kilimo. Ukuu wenyewe hauna shida, ila nilichagua babu asiyefaa.

Na hapo ndipo simu ikalia! Ni Vincent, mtoto wa mjomba, kutoka Taveta, upande wa mama. Anasema Lewis alimpa namba yangu na kunisifu sana. Huko kwao kuna mfereji wa kumwagilia mashamba, wa zamani sana, na kiti cha mkuu wa mfereji kiko wazi. Ni haki ya nyumba ya aliyeuchimba kwanza. Wanadhani ni babu wa mama yangu, na hawahitaji karatasi yoyote. Hawana mpinzani hata mmoja. Ukoo mzima umekubali kabla sijaombwa!

Safari hii sikuwa mjinga. Nilimuuliza wazi kama kazi hiyo ina kulima. Akaniapia hakuna kulima hata kidogo, ni maji tu. Naenda Jumamosi. Nitakaa mbele.

Ameniomba nije na gambuti za mpira zinazofika magotini. Nadhani ni za kupigia picha.