Mshale Uliomwinamia Soila

Jumatatu, 3 Septemba 2007

...na kwa hivyo Muthama hana hoja. Ndivyo nilivyomwambia Soila wangu tukinywa chai, naye akakubali kwa kunijazia kikombe. Muthama ana studio ng'ambo ya barabara, juu ya bucha. Husema nyimbo ninazorekodi zinasikika kama watu waliofungiwa ndani ya sufuria. Wivu tu. Mimi nina mke anayeimba, yeye ana harufu ya matumbo.

Leo nimempatia dawa. Nimeitoa saiba, kwenye intaneti, nikaibeba kwa flashi: kompresa ya zamani. Si chuma, ni programu ya kompyuta, lakini wameichora kama chombo cha babu. Rangi ya maziwa, vifundo vyeusi vya kuzungusha, skrubu zenye kutu, na kioo chenye mshale. Kazi yake ni kuubana wimbo mara ya mwisho kabla ya kuchapwa kwenye CD. Sauti ikipanda sana, mshale unalala kushoto na wimbo wote unashushwa. Sauti ikitulia, inaachilia. Nimeitazama hadi ugali ukapoa. Soila naye aliitazama, kichwa chake begani mwangu, akasema skrubu ni nzuri. Nani mwingine Kitengela ana mke anayeona uzuri wa skrubu?

Jumatano, 5 Septemba

Kwaya ya akina mama wa kanisani inangoja wimbo wao. Tuliurekodi wiki iliyopita. Soila ni mgeni kati yao. Tangu nimtoe kwao Kajiado hana rafiki wengine hapa ila hao mama. Mwenyekiti wao, Mama Brayo, ana utaratibu wake: wenye sauti kubwa wasimame nyuma, wenye sauti ndogo mbele. Soila akapangwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mke wangu. Mlangoni. Nilisema upepo utaharibu kazi, nikamwekea maiki yake peke yake.

Leo nimepandisha sauti ya hiyo maiki, kisha nikafungulia kompresa. Ajabu. Kila Soila akifungua kinywa, mshale unalala. Unamwinamia. Hata mashine inamjua. Machozi yalinitoka, si mengi.

Nilimwita Muthama aje aumie. Akasikiliza, akajikuna shingo, akasema mshale unafaa kutikisika kidogo tu, kama mzee anayeitikia hadithi. Ukilala hivyo, alisema, kila mke wako akiimba wenzake watadidimia. Nikamwambia arudi juu ya bucha.

Jumamosi, 8 Septemba

Tumeusikiliza wimbo kwa spika za kanisa. Soila alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani. Sitasema zaidi kuhusu kitenge.

Kila alipoimba, akina mama wengine walididimia kama wametumbukia kisimani. Alipovuta pumzi, wakarudi wote kwa kishindo. Wakatumbukia tena. Wimbo ulipoisha Mama Brayo aliuliza kama wao wengine walikuja kushika vitabu tu. Mmoja nyuma yake akasema kumbe ni arusi, wao ni wa kumsindikiza bibi arusi. Kisha Mama Brayo akamgeukia Soila, kwa ule upole mbaya: "Mwanangu, ungesema tu unataka kuimba peke yako. Tungebaki nyumbani tuchambue mboga."

Soila hakujua lolote. Wamedhani ndiye aliyenituma. Walipokuwa wakipanga mazoezi ya Jumanne, hakuna aliyemwambia saa. Njiani alisema neno moja tu: "We Wanjala, hao ndio watu wangu hapa."

Hata hivyo tulipovuka barabara alinishika mkono. Mwanamke wa ajabu.

Jumapili, 9 Septemba

Nimepata mpango. Sauti ya Soila nimeishusha chini kabisa, hata mwenyewe asijisikie. Hiyo ni sadaka ya mapenzi. Halafu kompresa nimeikaza mpaka mwisho, ili akina mama wote wawe sawa, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Mshale umelala tangu mwanzo wa wimbo kama ng'ombe aliyeshiba. Unapendeza sana.

Soila aliuliza kama nimesikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia mshale unasikiliza kwa niaba yangu.

Jumanne, 11 Septemba

Tumeenda mazoezini bila kualikwa. Soila alibaki mlangoni, mkoba kifuani, kama mtu aliyekuja kudai deni la mabati. Nikaweka CD.

Kila kitu kilikuwa sawa. Nasema kila kitu. Kuimba sawa na kukohoa, kukohoa sawa na kiti kilichosogezwa, na punda wa kubeba maji aliyelia nje siku tuliporekodi sasa alikuwa mwanakwaya kamili. Akina mama walianza kutazamana. Nikaanza kukunja waya.

Kabla ya ubeti wa mwisho kwaya hunyamaza kidogo. Hapo kompresa ikaachilia yote, kila kilichokuwa kidogo kikapanda, na mnong'ono ulionaswa na maiki ukajaa kanisa kama mahubiri: "Huyu bibi ya Wanjala ananishinda sauti. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Ilikuwa sauti ya Mama Brayo.

Mama Brayo alijifunika uso kwa leso. Kisha yule wa maneno ya bibi arusi akaanza kucheka, wakacheka wote, mmoja mpaka akakaa sakafuni. Mama Brayo alipofunua uso alitazama mlangoni. "Njoo hapa, mama. Si umesikia? Basi kivimbe tu, nitakipasua mwenyewe." Akampa ubeti wa mwisho auongoze. Kutoka nyuma, lakini. Utaratibu ni utaratibu. Walimzunguka, wakamshika mabega, mmoja akamuuliza anapika nini leo.

Wimbo wenyewe wamempelekea Muthama autengeneze upya.

Jumatano, 12 Septemba

Soila anaimba akiosha vyombo. Sina shida duniani.

Nimefikiri vizuri. Nilipoikaza kompresa kidogo, ilileta ugomvi. Nilipoikaza mpaka mwisho, ilileta amani. Kwa hivyo kosa langu lilikuwa kuikaza kidogo. Nimerudi saiba nikachukua ya pili, ya kijani, yenye mishale miwili. Zitafanya kazi pamoja, moja ikibana kilichobanwa na nyingine. Nilimweleza Muthama. Alitafuta mahali pa kukaa.

Jioni mama mkwe alipiga simu kutoka Kajiado. Alitaka salamu tu, akataja kwamba kikundi chao cha akina mama nacho huimba. Nikamwambia asiseme zaidi. Soila alikuwa akiita kutoka jikoni, "Wanjala, hapana. Wanjala." Nadhani alikuwa na furaha. Nimemwahidi mama: kabla mwezi huu haujaisha tutafika, kompyuta nitaibeba mwenyewe, na Soila nitamsimamisha mbele.