Mbona Hakuna Anayelima Kule Chini?

Jumanne, 20 Mfungo Sita 1329 (kwa Wazungu ni Machi 1911)

Joto. Kaskazi imekufa, kusi haijaanza. Hakuna jani linalotikisika. Masika hata harufu yake hatujaipata. Na bado ukingo mzima wa mto Sabaki uko kazini: watu wanalima juu mlimani, kwenye udongo mwekundu, majembe yanalia kwenye mawe tangu alfajiri.

Kule chini kando ya mto kuna udongo mweusi, laini, umelala bure. Hakuna jembe hata moja! Mbona? Nimemwuliza jirani yangu Jefwa. Kwanza akanipa shikamoo (ya nini? umri wetu ni mmoja!), kisha akasema kule chini bado. Nikamwuliza mkewe, Nyevu. Naye akasema bado, akacheka. Watu wawili, jibu moja. Hao wamepatana.

Na mimi sina nafasi ya kuchezewa. Mwaka jana sikuvuna kitu, mwaka juzi vilevile. Shemeji yangu Shee ameapa: msimu huu nisipotoa mahindi, anamchukua dada yake, mke wangu Mwanamize, na watoto, anawarudisha kwao Mambrui. Nikiiwaza nyumba bila Mwanamize, chakula hakipiti kooni. Mbegu tuliyo nayo ni kishada kimoja tu cha mahindi, kimetundikwa juu ya meko. Yeye akikoroga chungu hukitazama, kisha hunitazama mimi.

Alhamisi, 22 Mfungo Sita

Nimemvizia Jefwa. Nilijilaza ndani ya matete, siafu wakanila mpaka mahali pasipotajwa. Sikupiga kelele. Jefwa akashuka mtoni, akachota maji kwa kiganja, akayanusa, akayamwaga, akaenda zake. Hakunywa. Hakunawa. Mtu mzima ananusa mto!

Nimeshaelewa. Anangoja nimalize mbegu yangu huko juu kwenye mawe, kisha ashuke ajitwalie ardhi nyeusi yote. Hodari sana. Lakini safari hii amekutana na Lali.

Nimemdokeza Mwanamize. Akasema Nyevu kamwambia hakuna apandaye kule chini kwa sababu mto haujaja. Haujaja! Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikamwonyesha. Si ule pale? Umo kitandani mwake tangu enzi za mababu, utoke wapi tena? Akarudi mekoni. Nimemshinda kwa hoja.

Jumamosi, 24 Mfungo Sita

Leo ni jumwa yao, siku ambayo Wagiriama hawashiki jembe. Nimeichagua makusudi. Mwanamize alipokwenda kuteka maji, nilishusha kishada juu ya meko, nikapukuchua mahindi ndani ya kofia, nikashuka mbio. Udongo ulioje! Unachoma kidole, kinazama chote. Nimepanda mbegu zote. Sikubakiza punje.

Nainua kichwa, Jefwa huyo, kakaa kitako ukingoni. Siku ya mapumziko, anapumzika kwa kunitazama mimi! Akasema kwa upole, Bwana Lali, hapo mto utapita. Nikamjibu mto upite zake, mimi sijauzuia. Akasema hajachelewa mtu, anaweza kunisaidia kuzifukua mbegu nizirudishe nyumbani. Azifukue mbegu zangu! Hivi mwizi mwenye adabu namna hii amepata kuonekana wapi?

Mwanamize kaona juu ya meko ni patupu. Uji wangu umekuja bila chumvi.

Jumapili, 2 Mfungo Saba

YAMEOTA! Bila tone la mvua! Mistari kwa mistari, kijani, mazuri kama watoto siku ya Idi. Wenzangu kule juu bado wanakwangua mawe na kukodolea macho mbingu.

Shee kafika na punda wake kutoka Mambrui. Nikamshusha nikamwonyesha. Akauma mdomo. Wivu huo. Kisha nikamwona pembeni na Jefwa, wananong'ona, wanatikisa vichwa. Tangu lini hao wakajuana? Shee kaniambia atarudi mwisho wa mwezi, aone. Nikamwambia aje na magunia.

Nimezungushia shamba boma la miiba pande tatu, Jefwa asipate pa kupenya. Mikono yote imechanika. Upande wa mto nimeuacha wazi, maana huko hakuna mtu wa kuja.

Alhamisi, 6 Mfungo Saba

Uadui sasa umekuwa wa dhahiri. Asubuhi nimekuta nyayo za viboko zimekata shamba katikati, kubwa kama sinia. Wametoka mtoni, wamepita kwenye mahindi yangu, wamelivunja boma langu kwa ndani na kushika njia ya mlimani. Nani kawaswaga? Nilimwendea Jefwa nikamwuliza waziwazi.

Akaapa hana viboko. Akasema wanahama wenyewe, maji yanakuja. Akanishusha mtoni nione: jana yalikuwa ya kijivu, leo mekundu. Nikamwuliza, mvua iko wapi? Mbingu nyeupe pe! Akanyoosha kidole kule magharibi, mbali kupita Jilore, akasema bara kunanyesha tangu mwezi uliopita. Bara! Mvua ya bara inanihusu nini mimi? Wao wana shamba lao, mimi nina langu.

Nimeziba tundu la boma. Mto mwekundu ni wa Jefwa. Bila shaka kamwaga udongo usiku.

Jumamosi, 8 Mfungo Saba

Umekuja.

Jua kali, hakuna wingu hata la ukubwa wa leso. Nilikuwa napalilia. Nikasikia mvumo, nikadhani ni upepo wa kusi. Nageuka, naona mnazi mzima unanijia, umesimama wima ndani ya maji! Nikakimbilia juu, nikakutana na boma langu mwenyewe. Pande tatu miiba, upande wa nne mto. Nikapiga ukelele ambao sijivunii.

Jefwa alilivunja boma kwa jembe, akanikamata kanzu, akanivuta. Kanzu imepasuka mpaka kwapani. Angeweza kunishika mkono, lakini alichagua kanzu. Nimeliweka moyoni.

Mahindi yote yamekwenda, boma limeelea nyuma yake. Tumesimama juu tukitazama maji. Mwanamize hakunigombeza. Kanifunika leso yake mabegani, akakaa kando yangu. Angenigombeza! Nimelia, na sioni haya kuandika kwamba nimelia.

Ijumaa, 14 Mfungo Saba

Maji yamerudi kitandani. Yameacha tope jeusi, linang'aa. Na sasa tazama! Ukingo mzima umeshuka. Wanaume, wanawake, vikongwe, wanachoma matundu kwa vijiti, wanadondosha mbegu, wanacheka. Wale wale walioniambia bado!

Jefwa kaniletea nusu kikapu cha mbegu. Anasema nipande leo leo kabla tope halijakauka. Anasema mwaka huu ni mwema kwa mkulima, anayepanda topeni atakula hata masika yakituhini, na kule juu kwenye mawe mahindi yatakauka yote. Sitaki malipo, anasema, sisi majirani.

Bure? Kwa nini bure? Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Jawabu ni moja: anataka nishuke tena, mto unimalizie. Nikamshukuru sana, nikakipokea kikapu, nikampa mgongo.

Nimezipanda juu mlimani, kwenye jabali la mwisho, ambako hata kiboko hafiki. Wote wameshuka, mlima wote ni wangu! Ila kikapu kilikuwa chepesi kuliko nilivyopewa. Nyevu huyo, kapunja kipimo.

Jumatano, 26 Mfungo Saba

Shee kafika na punda wawili. Kwangu mlimani hakijachipua kitu, masika yamenyesha siku moja tu, manyunyu. Nikaanza kumweleza habari za kiboko. Mwanamize akanikatiza. Akamwambia kaka yake kwamba haendi popote, mahindi yake yamemfika kwenye kifundo cha mguu, nani atayapalilia?

Mahindi yapi? Tukashuka sote. Kando ya shamba la Jefwa, tope tupu, kijani tupu. Kumbe Mwanamize kachota mbegu kikapuni nikiwa naswali Ijumaa, akapanda na Nyevu! Shee akayatazama, akacheka, akamkumbatia dada yake, akarudi na punda wake watupu. Mke wangu yuko. Watoto wako. Alhamdulillahi, usiku huu nimekula sahani mbili.

Lakini mimi si mtoto mdogo. Shee hakurudi kwa sababu ya mahindi yale. Alitazama juu, akaliona boma langu jipya, pande zote nne safari hii, akaogopa. Na Jefwa kamvuta mke wangu upande wake, nimeliona na hilo.

Haidhuru. Jioni nimetembea mpaka mlangoni mwa mto, panapokutana na bahari. Nimeona uwanja mkubwa, tambarare, hauna jiwe wala mti. Na hakuna aliyelima hata tuta moja! Nimemwuliza mvuvi, akasema siku za bamvua bahari hupanda pale pote. Ndivyo wasemavyo. Kesho nawahi kabla Jefwa hajaamka.