Uchaguzi Dhidi ya Kidole cha Sponji

Jumatatu, 5 Januari 2026

Siku tano kabla ya uchaguzi. Mpaka asubuhi nilikuwa mgombea pekee wa uenyekiti wa Umoja wa Wanavyuo wa Bagamoyo. Saa nne Ferdinandi amerejea kutoka Amerika, alikosoma muhula mmoja. Saa sita Sada, katibu wetu, amemchukulia fomu ya kugombea. Saa nane hakuna aliyekumbuka jina langu.

Kisa? Mpira! Tena si huu wetu wa miguu. Mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi, mchezo wa majitu yenye helmeti. Ferdinandi alipelekwa uwanjani na familia iliyomhifadhi, mara moja tu, na sasa mtaa mzima unahadithiwa. Eti watu elfu sabini. Eti walichoma nyama kwenye maegesho ya magari tangu asubuhi. Amerudi na kidole cha sponji, kirefu kama mkono mzima, ambacho mashabiki hukipunga. Foleni ya kupiga nacho picha imefika kwa fundi cherehani. Mama yangu mzazi alikuwa wa nne.

Jumanne, 6 Januari

Maarifa dhidi ya sponji! Nimesoma kanuni za mchezo ule kwenye simu tangu alfajiri hadi adhuhuri. Alasiri nimemfuata kwenye baraza la kahawa, nikamwuliza mbele ya umma: timu hupewa majaribio mangapi kusogea yadi kumi?

Nilitarajia aporomoke. Akacheka! "Kaka Muhidini, nimekaa pale saa tatu na nusu, sikuelewa kitu. Jirani akisimama, nasimama. Akizomea, nazomea. Mara nikaruka kushangilia bao peke yangu. Kumbe tumefungwa sisi!"

Baraza zima hoi. Mmoja kahawa imempalia.

Basi nikawaelimisha. Majaribio manne! Nimefafanua kwa dakika arobaini, kwa mifano. Nilipofika kwenye adhabu, muuza kahawa ameniomba nisogee, nazuia wateja. Wateja gani? Wote walishaondoka na Ferdinandi.

Wivu? Hata kidogo. Ni uchungu wa mtu anayeona umma ukipotoshwa.

Alhamisi, 8 Januari

Hotuba imekamilika. Hoja kumi na moja. Nimeifanyia mazoezi bandani, mbele ya kuku. Mama ameuliza kwa nini, tangu mwenzangu arudi, sijaenda kumpa pole ya safari kama watu waliolelewa. Nimemjibu kwamba historia haina muda wa kusalimia.

Amenituma chumvi.

Jumamosi, 10 Januari

Nimepanda jukwaani nikiwaka. Nimesema: wazee wake waliingia Bagamoyo na mizigo kichwani, yeye kavuka bahari nzima, karudi na kichwa kitupu! Nimesema: Unyamwezi wote, kwa ukubwa wake, umeshindwa kututolea mtu mmoja anayejua nani kafunga!

Katika joto la hoja nilisahau jambo moja. Yeye Mnyamwezi. Mimi Mkwere.

Ukumbi umelipuka. Si kwa hasira, kwa raha! "Mtani huyo! Mpe, mtani, mpe!" Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, tunaruhusiwa kutukanana hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Nimepaza sauti kwamba sitanii. Wakazidi kushangilia. Nimepiga meza. Sada akafuta machozi ya kicheko. Ferdinandi akapanda, akanivua kofia, akaivaa yeye. "Mkwere huyu angeisahau juu ya mnazi akiangua nazi!" Haki ya mtani. Siruhusiwi hata kuidai.

Matokeo: Ferdinandi kura hamsini na mbili. Mimi tatu.

Tendo lake la kwanza madarakani: kuniteua Mtani Mkuu wa Umoja, nifungue kila mkutano kwa kumtukana mwenyekiti. Azimio limepita kwa makofi. Maana yake, kuanzia leo lolote nitakalomshutumu, hata liwe kweli tupu, ni kichekesho rasmi.

Jumapili, 11 Januari

Ferdinandi amenijia nyumbani baada ya misa. Eti ameombwa kupendekeza mtu wa kwenda Amerika muhula ujao, na amenipendekeza mimi. Eti familia ile imeahidi kumpeleka mgeni mpya uwanjani. "Wenzangu wote wananicheka, kaka. Wewe utakaa pale ukielewa kila kitu." Ilibaki sahihi yangu tu. Mama alishaanza kuuliza kuhusu sweta.

Nimeung'amua mtego papo hapo. Anataka nivuke bahari ili atawale bila upinzani! Nimekataa kwa barua ya kurasa tatu, nikaisambaza kwenye kundi la simu la Umoja. Wanachama wamejibu kwa vikaragosi vya kucheka, themanini na kitu. Mmoja ameandika: "Mtani, leo umetuua."

Alasiri nafasi imekwenda kwa Sada. Sada! Mtu aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba anaogopa ndege! Njama hii ni pana kuliko nilivyodhani.