Kisogo cha Mkwe Wangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkwe wangu Nkuba amefuzu! Ameshinda mchujo wa mkoa kule Mbeya. Jumamosi anarusha vishale Iringa na vigogo wa nchi nzima, wale wanaopangwa kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akitwaa ubingwa anaingia timu ya taifa. Fundi wa mashine ya kukoboa mpunga! Wa hapa hapa Ubaruku!

Habari kaileta Ng'washi, mama yake Nkuba. Hata kukaa hakukaa. Akasema atakaa kiti cha mbele, mtoto ni wake. Halafu akanipa pole. Pole ya nini? Ati mimi ni mama mkwe, siwezi kuingia chumba kimoja na Nkuba. Kweli siwezi. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akiniona njiani anashuka kwenye majaruba ya mpunga, anachuchumaa, anainamisha kichwa mpaka nipite. Kamuoa binti yangu Kulwa, wamejaza nyumba watoto, na mimi namjua kisogo na visigino tu. Heshima ni heshima. Lakini Ng'washi asinipe pole.

Jioni nikaenda nyuma ya kilabu wanakofanyia mazoezi, nikachungulia kwenye tundu la bati. Nilikwenda kucheka. Wanaume wazima wanachoma ungo kwa sindano! Sikucheka. Nkuba karusha vitatu, vyote vikakaa pamoja kama vifaranga chini ya mama yao. Mkono umetulia, bega halichezi. Nimerudi nyumbani sijamgombeza mtu yeyote.

Kitandani nikapata akili. Mrushaji anatazama ubao, na watazamaji wako nyuma yake. Maana yake nikienda atanipa kisogo! Desturi haijaguswa hata kidogo! Hakuna aliyeliona hili isipokuwa mimi, na shule niliishia la pili.

Jumatano, 10 Septemba

Naumwa jino. Nimelianza asubuhi mbele ya Kulwa, shavu nimelifunga kanga. Akasema twende zahanati. Nikamwambia jino hili linataka Iringa. Akauliza jino la kutaka Iringa ndio likoje. Kasoma mpaka fomu foo, hajui meno.

Mchana Ng'washi akapita, akauliza mbona asubuhi shavu lilivimba kulia na sasa limevimba kushoto. Nikamwambia ugonjwa unatembea.

Kulwa akanivuta pembeni. Mama, akasema, baba watoto amelihangaikia shindano hili mpaka chakula hali vizuri. Akijua upo mle ndani mkono utamfa ganzi. Tafadhali mama. Machozi yalimlengalenga. Nikamuuliza tangu nimzae nimewahi kuharibu nini. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Basi, kakubali.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefika Iringa kwa lori la mchele. Baridi ya huku haina adabu.

Nimekwenda moja kwa moja ukumbini kumwona adui. Namba moja wa nchi ni mwanamke! Anaitwa Vaishali, ana duka la vitambaa hapa hapa mjini. Mnene kiasi, miwani, raba nyeupe, nywele zina mvi kama zangu. Nikasema moyoni, huyu tu? Nimemletea michembe ya viazi na maziwa ya mgando, chungu kizima. Mpango: ashibe, alegee, kesho asinzie ubaoni.

Kala vyote! Kakwangua chungu kwa kidole. Akaniita mama, akasema tangu mama yake afariki hakuna aliyemletea chakula mazoezini. Kisha akasimama kwenye mstari, akarusha vitatu. Msoma hesabu akapaza sauti: mia moja na themanini! Hakuna zaidi ya hapo. Akarudia. Akarudia tena. Vishale vinamtoka mkononi kama vimetumwa na mtu anayevijua majina. Mayu wane, mama yangu! Nilibaki na mfuniko mkononi.

Mpango haujashindwa. Mgando unachelewa kufanya kazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejificha nyuma ya nguzo, kanga mbili kichwani. Ng'washi kiti cha mbele, amevaa kofia ya harusi. Hakuniona.

Mchezo nimeuelewa upesi. Wanaanza na mia tano na moja, wanapunguza. Wa kwanza kufika sifuri kamili kashinda, ila kishale cha mwisho lazima kikae kwenye ukanda mwembamba wa pembeni ya ubao, ule unaohesabu namba mara mbili. Mwembamba kama unyasi! Nkuba kawatoa vigogo wawili, mmoja wa Arusha, mmoja wa Dar es Salaam. Yule wa Dar alikuja na mtu wa kumbebea begi. Karudi kalibeba mwenyewe.

Kisogo chote nimekiona vizuri. Jambo moja sikulipigia hesabu: wameweka runinga kubwa ukutani, na hiyo inaonyesha sura. Niligeuza kichwa. Kichwa kikarudi chenyewe.

Basi ndio uso wa mkwe wangu. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Akilenga, uso wote unatulia kama maji ya jaruba asubuhi kabla bata hawajaingia. Nimeona wachungaji, wachungaji wa ng'ombe na wachungaji wa kanisa. Sijaona mtu ametulia vile. Nililia. Moshi wa jikoni.

Jumapili, 14 Septemba

Fainali. Nkuba na Vaishali. Ukumbi mzima umesimama, mpaka wauza karanga wameacha kuuza. Anarusha huyu, anajibu yule. Mia na arobaini. Mia na themanini. Sikuwahi kujua binadamu ana mkono wa namna hii, tena wawili wamekutana chumba kimoja, na mimi nimo.

Seti ya mwisho. Vaishali kabakiza arobaini. Nkuba kabakiza thelathini na mbili, na kishale kimoja mkononi. Akikipachika kwenye ukanda wa kumi na sita, ndiye bingwa. Ng'washi kafumba macho. Mama mzazi huyo, anafumba macho! Mtoto anahitaji kutiwa moyo!

Nikapiga kigelegele.

Kimoja tu. Lakini changu kinajulikana Usangu nzima, ng'ombe wanageuka. Nkuba alikuwa ameinua mkono. Akachuchumaa. Hapo hapo kwenye mstari, kichwa chini, kama yuko kwenye majaruba. Kishale kikamtoka, kikachoma zulia.

Mwamuzi akamwambia ainuke. Nkuba akasema hawezi, mama yuko nyuma. Mama yupi, mwamuzi akauliza, mama yako si huyu mwenye kofia? Vaishali akaomba mwenzake arudie. Mwamuzi akakataa, kishale kimeshatoka. Basi yule mwanamke akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogea pembeni ya Nkuba aliyechuchumaa asije akamkanyaga. Akarusha kimoja. Arobaini imekwisha. Hata kwa uchungu nilisema mayu wane.

Nikatoka ili mkwe wangu ainuke.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi. Ng'washi hanisalimii, nimepumzika. Kulwa kaniambia mumewe hali, hasemi, timu ya taifa imekwenda bila yeye. Akaniuliza nimeridhika? Nikamwambia asinigombeze, kosa nimeshalipata. Mazoezi yao mabovu! Wamemfundisha Nkuba kurusha kwenye kimya. Wapi duniani kuna kimya? Huyu anatakiwa azoeshwe sauti yangu, na mama mkwe anaye mmoja tu.

Jana jioni nimeanza. Nimesimama nyuma ya bati la kilabu, nikasubiri alenge, nikapiga kigelegele. Nikasikia kishale kinadondoka sakafuni, na mtu anachuchumaa.

Leo nimerudia, kwa nguvu zaidi. Kulwa anasema alichuchumaa tena, lakini safari hii kakirusha akiwa huko huko chini. Kimetoboa bati, kimepita karibu na sikio langu.

Vizuri sana! Jana alikidondosha tu.